Rangi Iliyo Chini ya Bamba

Msomaji mmoja wa Kibondo ameniandikia barua ya kurasa mbili kunieleza kwamba mimi ni mjinga. Amechelewa. Mke wangu Hasna alinieleza hilo zamani, tena kwa neno moja tu, kisha akafunga sanduku lake akarudi kwa mama yake, Bi Mwanamvua, kule Rusimbi.

Kwa waliofungia vitumbua gazeti la wiki jana, mambo yalifika hapa. Mimi ni Pazi, fundi wa redio na magitaa soko la Mwanga. Nilifukuzwa bendi ya Ashraf kwa sababu nilimwambia mbele ya wakwe zake, katikati ya harusi yake mwenyewe, kwamba gitaa lake jipya ni kuni zilizopakwa rangi. Zilikuwa kuni kweli, lakini harusi ilikuwa yake. Bendi ikaenda, mke naye akaenda, nikabaki na kitu kimoja: neno langu. Kigoma na Ujiji nzima walijua kwamba Pazi akisema gitaa ni la mwaka fulani, ni la mwaka huo.

Leo nakiri nilivyolitumia neno hilo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, miezi ile ya msako. Mnaukumbuka, msijifanye. Mkimbizi akikutwa nje ya kambi anapandishwa lori anarudishwa kambini, na walioko kambini nao walisikia uvumi kwamba zamu yao ya kuvushwa mpaka inakuja. Watu waliokula pamoja miaka ishirini wakaanza kuulizana kwenu ni wapi. Jirani aliyekuwa akiazima chumvi akageuka mpelelezi.

Jumamosi asubuhi Martini akanitumia mtu. Martini alikuwa mwenyekiti wa mtaa kule Kasingirima, mtu ambaye daftari lake lilikuwa na kurasa nyingi kuliko mawazo yake. Niliambiwa kuna kesi nyumbani kwa Dismasi, karani wa mizigo pale stesheni, na kesi yenyewe haiwezi kwisha bila mimi. Niliacha redio ya watu ikiwa matumbo nje nikaondoka. Sentensi ile ilinitosha kuwa chai.

Nikakuta nusu ya mtaa imejaa uani. Watu wale hawakosi msiba wa mtu wala aibu ya mtu. Katikati alikuwa amesimama mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, ndani ya koti la msaada ambalo lingewatosha wawili kama yeye. Nyuma yake mgambo mmoja, amechoka. Mlangoni alisimama mke wa Dismasi, Melania, tuliyezoea kumwita Mama Pastory, na mtoto mgongoni.

Yule mwanamume aliitwa Yohani. Madai yake yalikuwa mafupi. Alisema Melania ni mdogo wake, tumbo moja. Baba yao alikuwa mpiga gitaa Bujumbura. Mauaji ya mwaka sabini na mbili yalipoanza, baba akampakia mkewe kwenye mtumbwi pale Rumonge, pamoja na mtoto mchanga na gitaa. Yeye Yohani, wa miaka saba, alikuwa kwa bibi yake milimani. Hakuwaona tena. Sasa amekimbia na yeye, na kambini amekutana na mama mmoja aliyemwambia kwamba mama yake, Ntakarutimana, alifia Manyovu, na binti yake ameolewa Ujiji na karani wa treni.

Alichotaka ni dhamana. Mkimbizi mwenye ndugu wa damu mjini aliweza kuandikiwa barua na mwenyekiti, na barua ile ilikuwa inamshusha mtu kwenye lori. Asiye na ndugu alipanda. Yohani alisema wazi kwamba huko kwao nyumba yake ilichomwa na watu anaowajua kwa majina, na watu hao bado wapo.

Melania akajibu kwa sauti ya chini. Yeye ni Muha wa Manyovu. Mama yake aliitwa Ntakarutimana, ndiyo, na Manyovu wako akina Ntakarutimana wa kutosha kujaza kanisa. Baba yake alikuwa mkulima. Kaka hana.

Nyie mnaosoma gazeti hili Dar es Salaam mtauliza mbona lafudhi isimalize kesi. Nendeni Manyovu. Muha wa huku na Mrundi wa ng'ambo ya pili wanasalimiana, wanatukanana na wanaoana bila mkalimani. Mpaka wenyewe hawausikii masikioni.

Dismasi alikuwa amekasirika mpaka shingo imevimba. Alikuwa Muha wa Kasulu, ameoa Muha wa Manyovu kanisani, na watoto wake watatu ni Waha. Hilo lilikuwa fahari yake, kwa kuwa cheo kingine hakuwa nacho.

Ndipo Martini akapata wazo, labda la kwanza mwaka ule. Yule mtu ametaja gitaa. Gitaa lipo. Kila mtu anajua liko darini kwa Dismasi, juu ya jiko, limekaa pamoja na mbegu za mahindi. Kusikia habari zake si ajabu. Lakini nani aliyeliona lilivyokuwa siku zile? Martini akamwamuru mgambo amsogeze Yohani.

"Gitaa la baba yako lilikuwa la rangi gani?"

"Buluu," akasema Yohani. "Buluu ya ziwa saa nne asubuhi. Mimi ndiye niliyelifuta vumbi kwa shati langu, data alikuwa hamruhusu mtu mwingine." Kwao baba huitwa data.

Dismasi akapanda ngazi akaliteremsha. Lilikuwa kijani. Kijani cha jani la mgomba, kinang'aa kwa mafuta, hakina hata baka moja la buluu. Ua zima likacheka. Nami nilicheka, nakiri, tena kwa sauti, ili waliokuja kuniangalia wasikie kwamba nimefika.

Yohani alilitazama gitaa kama mtu aliyeonyeshwa maiti na kuambiwa si ya nduguye.

Melania ndiye aliyesema niulizwe. "Yupo fundi Pazi hapa. Aseme kama lilipakwa rangi nyingine."

Wote wakanigeukia. Wasomaji wangu, mtu aliyefukuzwa bendi na kuachwa na mke akigeukiwa na watu sitini kwa heshima, hupanda kichwa mpaka mawinguni. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Sikuitoa. Fundi wa kawaida ndiye anayefungua. Mimi nililinusa. Nikapitisha ukucha kwenye ubavu wake. Nikaonyesha watu nyufa nyembamba kama nywele zilizojaa kwenye vanishi, nikawaambia kwamba nyufa zile ni za uzee, rangi iliyopakwa juzi haipasuki hivyo. Nikatazama kichwa, nikatazama vijiti vya kukazia nyuzi.

Kisha nikatoa hukumu. Gitaa la Marekani. Mwaka wa sitini na tano. Rangi hii imetoka nayo kiwandani, haijawahi kupakwa nyingine juu yake.

Yohani akainua mkono kidogo. "Mzee, samahani. Fungua lile bamba jeupe la mbele. Data alikuwa akilifungua."

"Kijana," nikamwambia, "mimi sifungui kitu ninachokiona."

Watu wakapiga makofi. Jibu lenyewe lilinipendeza hata mimi. Martini akaandika kwenye daftari, mgambo akamshika Yohani kiwiko. Angelala rumande ya kata hadi Jumanne, siku ya lori. Alipopita mlangoni alisimama mbele ya Melania, akasema "Urabeho," yaani kwaheri ya mtu anayekwenda mbali. Melania aliinama akakaza mbeleko.

Dismasi alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Alisema nimeiokoa nyumba yake na matusi, na kwa kuwa mwenyewe hajui hata kulishika, nichukue gitaa, ni langu. Melania alisema kwamba ni kumbukumbu ya marehemu. Dismasi akamjibu kwamba kumbukumbu iliyotaka kumletea Warundi sebuleni haitaki kuiona tena. Nikalibeba kabla hawajaendelea. Miaka sita nilikuwa nikilitamani gitaa lile kwa kulitazama kutoka chini ya ngazi.

Jumapili nikajifungia kibandani. Soko lilikuwa limepoa, nyimbo za kanisani zikisikika kwa mbali, na mimi nilikuwa na furaha ya bwana harusi.

Nikaanza na shingo, kwa sababu wenye kiwanda waliandika tarehe kwa penseli mwisho wa shingo, mahali ambapo panaingia mwilini na hapaonekani. Nikafungua skrubu nne. Tarehe ilikuwepo, imefifia: Januari, sitini na tano. Nikatabasamu peke yangu. Nilikuwa nimelinusa tu nikaupata mwaka.

Nikafungua bamba la mbele ili nisome volyumu, kile kifaa cha ndani cha kupandishia sauti. Mgongoni mwa volyumu za zamani hugongwa namba, na ndani ya namba hizo umo mwaka na wiki ilipotengenezwa. Wajinga huusoma mwaka ule wakadhani ndio wa gitaa, kumbe volyumu inaweza kukaa stoo kabla ya kufungwa. Ya kwangu ilisema sitini na nne, wiki ya arobaini na moja. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikaliweka bamba pembeni nikainua taa.

Chini ya bamba gitaa lilikuwa buluu.

Si buluu ya kubahatisha. Buluu kabisa, safi, ya ziwa saa nne asubuhi kama alivyosema yule wa koti kubwa. Ilikuwa imekatwa kwa umbo la bamba, na pale bamba lilipoishia ndipo kijani kilipoanzia.

Nilikaa chini. Nikachukua kitambaa, nikakitia mafuta ya taa kidogo, nikasugua ubavu. Kitambaa kikatoka na rangi ya machungwa, kinanuka mawese. Hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniumiza kwa vile kulikuwa kwepesi. Sisi watu wa huku hatuachi mti ukakauka. Mpini wa jembe tunaupaka mawese, kinu tunakipaka mawese, mlango tunaupaka mawese. Mtu alilipaka gitaa hili mawese mwaka hadi mwaka, akalirudisha darini juu ya moshi. Vanishi yenyewe hugeuka njano ikizeeka. Ongeza moshi, ongeza mafuta mekundu, miaka ishirini na mitano. Njano juu ya buluu inatoa nini? Mtoto wa shule ya chekechea mwenye kalamu za rangi angewaambia watu wale sitini.

Na tazameni uchungu wake. Nilichosema uani kilikuwa kweli. Rangi ilitoka kiwandani, na haijapakwa nyingine juu yake. Nilisema kweli yote nikamzamisha mtu nayo.

Mngedhani nilikimbia moja kwa moja ofisi ya kata. Mnanisifu bure. Nililirudisha bamba nikakaza skrubu zote. Nikajiambia kwamba Yohani ni mtu mzima, kambini kuna chakula, uvumi wa kuvushwa ni uvumi tu. Nikajiambia kwamba Martini akisikia, mji mzima utasikia, na fundi ambaye hakufungua bamba atabaki kutengeneza pasi.

Jumatatu nilikwenda kunywa kahawa pale Mwanga kama kawaida. Ashraf akaja, yule yule wa harusi, akakaa karibu yangu. Alikuwa amesikia. Akasema yaliyopita yamepita, bendi ina magitaa mawili inayotaka kununua kutoka kwa Wakongo, na angependa nikayatazame. Wanywaji wakaniomba nisimulie tena nilivyomuumbua Mrundi muongo. Nikasimulia. Nilipofika kwenye lile jibu la sifungui ninachokiona, walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kashata. Nami nikacheka. Yule mtu alikuwa amelala sakafuni hatua chache kutoka pale, na mimi nilikuwa namla nyama kwa kahawa.

Usingizi ulinikimbia. Haukunikimbia kwa huruma, msinipambe. Nilikuwa nawaza kwamba siku moja Ashraf au fundi mwingine atalifungua lile bamba.

Jumanne asubuhi nikaamka na dawa. Nilikata kipande cha msasa. Nikalilaza gitaa mezani, nikafungua bamba tena, nikakusudia kuisugua ile buluu mpaka mti mweupe uonekane, kisha nipake vanishi. Hakuna atakayejua. Lori lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Ningekuwa nimemaliza kabla ya adhuhuri.

Msasa ulikuwa umegusa gitaa mara moja tu, pembeni kabisa, aliposimama mlangoni Melania.

Alikuwa peke yake, na mtoto mgongoni amelala. Alinisalimia kwa heshima, shikamoo, ingawa sauti yake ilikuwa imekauka. Nikajitupa mbele ya meza kama mwizi. Nilianza kumwambia kwamba gitaa lina kasoro ndogo ya ndani. Yeye akanipita, akaitazama ile buluu.

Nilingoja ashtuke. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, kumweleza taratibu kwamba kumetokea kosa, tena si langu hasa. Hakushtuka. Aliweka kidole juu yake kama mtu anayegusa paji la mgonjwa.

"Mama aliniambia ilikuwa hivi," akasema. "Sikuwahi kuiona."

Nilimtazama mpaka akaamua kunisaidia.

"Fundi, mimi ndiye niliyesema uitwe, gitaa lilipotajwa tu. Kuna mafundi watatu pale Ujiji. Wangefungua."

Sijapigwa kofi maishani mwangu lililonifikia kama lile. Mwanamke anayeuza dagaa barazani kwake alikuwa amenisoma kuliko nilivyosoma gitaa. Alijua nitanusa, nitakohoa, nitahukumu. Alinitumia kama mtu anavyotumia mbwa anayejulikana atabweka.

Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaongea kwa haraka, macho mlangoni. Yohani ni kaka yake. Alimjua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi anavyosimama ameegemea mguu mmoja, ndivyo mama alivyokuwa akisimama. Mama yake alivuka naye akiwa na miezi minne, akapanda Manyovu, akasema yeye ni Muha, akafa Muha. Dismasi hajui. Padri aliyewafungisha ndoa hajui. Akimkubali Yohani kuwa kaka, amejitaja mwenyewe. Siku hizi hakuna anayeuliza umekaa miaka mingapi. Atapanda lori lile lile, na watoto wanamfuata mama. Dismasi labda ataandamana nao, labda atafunga mlango. Alikuwa na miaka saba ya kumjua Dismasi na hakuweza kuniambia ni lipi.

"Kwa hiyo ulimtoa kaka yako," nikasema. Nashangaa ulimi wangu ulipata wapi ujasiri.

"Nilimtoa," akasema. "Nina watoto watatu."

Kisha akauona msasa mkononi mwangu. Akauangalia, akaangalia ule mkwaruzo mdogo pembeni ya buluu, akaelewa nilikuwa nafanya nini na kwa sababu gani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Umeshaanza nilichokuja kukuomba," akasema. "Basi maliza. Mimi nitakaa hapa mpaka buluu iishe."

Hapa ndipo mtanicheka vizuri. Dakika tano kabla nilikuwa nafuta ushahidi ule kwa mikono miwili, kwa ajili ya jina langu tu. Sasa nimeombwa kuufuta kwa ajili ya watoto watatu, na mkono ukakataa. Niliuweka msasa juu ya buluu, nikautazama, nikauinua. Nilijua kwamba nikisugua, yule mtu wa koti kubwa hatakuwa na kitu chochote duniani kinachosema kwamba aliwahi kuwa na baba. Nikijizuia, huyu aliyeketi mbele yangu ndiye atakayepanda lori. Nilianza kulia. Mimi, Pazi, nililia mbele ya mwanamke niliyezoea kumwona akipepeta dagaa.

Yeye hakulia. Alikuwa anasikiliza nje.

Ilikuwa sauti ya Martini, anauliza wauza nyanya kibanda cha Pazi ni kipi. Melania alisimama. Kibandani kwangu kuna pazia la kanga kuukuu linalotenga sehemu ya kulala. Akapita nyuma yake bila kuniomba. Nikalibandika bamba haraka nikashindilia skrubu mbili za juu. Nyingine zilianguka chini ya meza.

Martini akaingia na daftari lake. Nyuma yake mgambo, nyuma ya mgambo Yohani. Siku tatu za rumande zilikuwa zimemkunja, koti limezidi kuwa kubwa.

Martini alikuwa na hasira za mtu aliyeamriwa kufanya kazi yake. Alisema afisa wa msafara amesoma maandishi yake akauliza swali moja: mtuhumiwa aliomba bamba lifunguliwe, kwa nini halikufunguliwa? Sasa amerudishwa na mkimbizi wake, mchana huu wa jua, fundi afungue mbele ya mashahidi, aandike anachokiona, biashara iishe. Kukiwa kijani huyu anapanda lori. Kukiwa buluu hapandi, na itabidi Mama Pastory aitwe aeleze yeye ni nani hasa.

Hiyo ya mwisho aliisema kwa kupita tu, akitafuta kalamu mfukoni.

Nilichukua bisibisi. Yohani alisogea mezani, uso umefunguka. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana tumaini, na tumaini lile lilinitia hofu kuliko daftari la Martini.

Hapo mtoto akakohoa nyuma ya pazia.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kikafuatiwa na yale maneno ya chini ambayo mama husema kumtuliza mwanawe. Martini hakuyajali, wauza nyanya wana watoto kila upande. Lakini Yohani aligeuza shingo. Alilitazama pazia, akashuka macho hadi chini yake, penye miguu miwili ya mwanamke katika kandambili, uzito wote umelazwa mguu mmoja. Akaitazama kwa muda mrefu. Niliona akihesabu yote: pazia, mtoto, kwa nini yule mwanamke amejificha, na nini kitampata bamba likifunguka. Sikumwambia mtu huyo neno hata moja. Alielewa kila kitu akiwa amesimama, jambo ambalo mimi lilinichukua siku tatu na bisibisi.

Akaweka kiganja chake juu ya bamba.

"Acha, mzee," akaniambia. Kisha kwa Martini: "Mwenyekiti, nimekosea. Nikiliona kwa karibu hivi, silo. La data lilikuwa na umbo jingine. Yule mama simjui. Andika hivyo, twende kwenye lori."

Martini akashusha pumzi ya furaha. Alianza kuandika hapo hapo, anatamka kila neno anapoliandika, mtuhumiwa amekiri, mtuhumiwa hamjui. Mgambo akamshika Yohani kiwiko kile kile. Mimi nilikuwa nimepewa bure kila nilichokitaka tangu Jumapili: jina langu, bendi ya Ashraf, na gitaa. Kunyamaza tu kulitosha, na nilinyamaza, wasomaji, nilinyamaza vizuri sana.

Pazia likasogezwa. Melania akatoka, akapita kati ya mgambo na meza, akasimama mbele ya Yohani karibu kabisa, kama mtu anayempima kimo.

"Uyu ni musaza wanje," akasema. Akamgeukia Martini akasema tena kwa Kiswahili, ili daftari lisipate kisingizio. "Huyu ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Kalamu ya Martini ikasimama. Alikuwa rafiki wa Dismasi, amekula kwake Krismasi tatu. Nilimwona akitafuta njia ya kuondoka na akili yake ile ndogo, na kwa bahati mbaya akaipata.

"Huyu anasema simjui, huyu anasema namjua," akasema. "Mama Pastory ana huruma zake za kike, na mimi siandiki huruma. Nitaandika nitakachokiona kwa macho. Fundi, fungua bamba."

Skrubu zilikuwa mbili tu. Niliitia bisibisi kwenye ya kwanza, ikatoka. Nikainua uso kabla ya ya pili. Yohani alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa polepole, hapana, hapana. Bega kwa bega naye Melania alikuwa amemshika mtoto mguu nyuma ya mgongo, na yeye pia ananitazama, na kichwa chake kilikuwa kinaitikia, ndiyo.